Jinsi ya kuwapata grausi na fezanti wa porini: mwongozo kwa mwindaji mgeni Minnesota na Dakota Kusini

Kila mwaka majani yakianza kugeuka rangi, maswali huwa ni yale yale. "Kaka, wale ndege mnawapatia wapi?" "Nimezunguka msituni kutwa nzima, sijaona hata unyoya, nakosea wapi?" Wanaoniuliza ni Wakenya, Watanzania na Wakongomani wenzangu tunaoishi Minnesota na majimbo ya jirani. Wengi wamekulia kijijini, wametega kwale kwa tanzi, wamewafukuzia kanga mashambani baada ya mavuno. Pori si geni kwao. Ni pori la huku tu ambalo hawajalisoma.

Mwaka wangu wa kwanza nilimaliza wikendi tatu katika msitu mzuri ajabu: miti mirefu, chini peupe kama uwanja uliofagiwa. Nilitembea kwa raha, na mara zote tatu nikarudi mikono mitupu. Sikujua kwamba ile raha ya kutembea ndiyo dalili kuwa hapakuwa na ndege. Grausi hakai mahali ambapo mwewe anamwona akiwa juu. Tangu hapo niliacha kutafuta ndege. Natafuta chakula chake na kichaka anachojifichia, na pale viwili hivyo vinapogusana ndipo ninapopeleka miguu. Kila hatua utakayosoma hapa chini inarudi kwenye jambo hilo.

Kwanza tuelewane ni ndege gani. Grausi ninayemsema ni yule ambaye kitabu cha kanuni humwandika Ruffed Grouse. Yuko katika ukoo mmoja na kwale, mkubwa kama kuku mdogo wa kienyeji, uzito wa nusu kilo na kitu. Rangi yake ni ya majani makavu, na mkia wake hufunguka kama upepeo wenye mstari mweusi karibu na ncha. Makazi yake ni msituni. Fezanti ni ndege wa nyasi na mashamba. Asili yake ni Asia. Mwaka 1881 Owen Denny, konsuli wa Marekani huko Shanghai, aliwapeleka Oregon kutoka China. Dakota Kusini walistawi kuanzia mwaka 1908 karibu na Redfield, msimu wa kwanza wa kuwawinda ukafunguliwa mwaka 1919, na leo fezanti ndiye ndege rasmi wa jimbo hilo.

Nasema "wa porini" kwa makusudi. Yapo mashamba ya kulipia ambako fezanti wa kufugwa huachiwa asubuhi ili wapigwe mchana. Ni mahali pazuri pa kumzoeza mbwa, lakini huko hujifunzi kutafuta. Hapa nazungumzia ndege aliyezaliwa porini na kukwepa mbweha tangu alipoanguliwa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Hadhi yako ya uhamiaji. Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloweza kukuharibia maisha. Mwenye grini kadi anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki. Mwenye viza ya muda, iwe ya masomo, ya matembezi au ya kazi, amekatazwa kushika bunduki na hata risasi, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji au aangukie msamaha mwingine wa kisheria. Asiye na hadhi halali amekatazwa kabisa, na leseni ya uwindaji haimwokoi. Kama kesi yako bado iko mahakamani au huna uhakika umesimama wapi, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla hata ya kumshikia rafiki bunduki yake wakati anaruka uzio.

Cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha. Minnesota inakidai kwa kila aliyezaliwa baada ya Desemba 31, 1979 anayetaka kununua leseni. Hata kama umezaliwa kabla ya hapo, kasome.

Leseni ya wanyama wadogo. Kwa fezanti wa Minnesota ongeza stempu ya fezanti. Ukivuka kwenda Dakota Kusini ukiwa mkazi wa jimbo jingine, utanunua leseni ya mgeni, ambayo hutoa siku 10 zilizogawanywa katika vipindi viwili vya siku tano.

Bunduki ya marisau, geji 20 au 12. Usinunue ya bei kubwa kwa kuanzia. Chagua inayokaa vizuri begani na ambayo unaweza kuibeba saa sita bila kuichukia. Kwa grausi tumia marisau namba 7½ na choki (kibano cha mdomoni mwa mtutu kinachoamua marisau yatawanyike kiasi gani) iliyo wazi, maana utapiga karibu. Kwa fezanti tumia namba 5 au 6, na choki iliyobana kidogo. Katika maeneo ya shirikisho ya kuzalishia bata, yale ya WPA, risasi ya madini ya risasi ni marufuku. Lazima uwe na marisau ya chuma au mengine yasiyo na sumu, na kwa chuma chukua namba 3 au 4. Mimi natumia ya chuma katika ardhi yote ya umma. Hivyo sihitaji kukumbuka niko upande gani wa kibao.

Kofia na kizibao cha rangi ya chungwa inayong'aa. Minnesota inataka angalau vazi moja la rangi hiyo, au la waridi linalong'aa, juu ya kiuno. Vaa vyote viwili.

Suruali ngumu ya kuzuia miiba, buti ulizokwisha kuzizoea, glavu nyepesi, na miwani ya kinga. Miwani si urembo. Katika kichaka cha grausi vijiti vinakurudia usoni kila dakika.

Simu yenye ramani uliyoipakua, kwa sababu mtandao hupotea mapema sana kaskazini, pamoja na dira ya kawaida. Maji, kisu kidogo, mifuko ya plastiki, na dawa ya permethrini ya kupulizia nguo kabla ya kuondoka nyumbani. Dawa hiyo ni ya nguo, si ya ngozi. Kupe wa huku huleta ugonjwa wa Lyme, na Oktoba bado wako kazini.

Mbwa? Ukiwa naye ni heri. Usipokuwa naye, anza hivyo hivyo. Grausi anapatikana vizuri kwa mtu asiye na mbwa, na nitakuonyesha namna.

Hatua ya 1: Panga kalenda yako

Msimu wa grausi Minnesota hufunguliwa katikati ya Septemba na huendelea hadi mwanzoni mwa Januari. Wageni wengi hukimbilia wiki ya kwanza, halafu hukata tamaa. Septemba majani bado yako mitini. Utasikia mbawa tu, ndege humwoni. Kama una siku chache za mapumziko, zitunze kwa ajili ya wiki mbili za katikati ya Oktoba, majani yakishaanguka.

Fezanti Minnesota hufunguliwa katikati ya Oktoba, Dakota Kusini Jumamosi ya tatu ya Oktoba. Hapa pia uvumilivu unalipa. Mahindi yakiwa bado shambani, fezanti wamejaa humo na wewe huwezi kuingia. Mashine za kuvunia zikishapita, ndege wanasukumwa kwenye nyasi. Novemba na Desemba ndiyo miezi yangu.

Idadi unayoruhusiwa: Minnesota ni grausi 5 kwa siku, fezanti ni majogoo 2 kwa siku hadi mwisho wa Novemba, kisha 3 kuanzia Desemba 1. Dakota Kusini ni majogoo 3. Fezanti wa Minnesota hapigwi kabla ya saa tatu asubuhi. Dakota Kusini kabla ya saa nne, kwa saa za kati. Kanuni hubadilika, kwa hiyo kila Agosti pakua kitabu kipya cha jimbo lako ukisome chote.

Hatua ya 2: Winda kwenye ramani kabla ya kuwasha gari

Kwa grausi, elekeza macho yako kaskazini mwa Minnesota: kaunti za Itasca, Aitkin, Cass, Beltrami na St. Louis, pamoja na Misitu ya Taifa ya Chippewa na Superior. Mji wa Grand Rapids uko kama mwendo wa saa tatu kutoka Minneapolis, na ukiufikia uko katikati ya nchi ya grausi. Walioko Wisconsin waangalie eneo la Park Falls.

Fungua picha za satelaiti. Unatafuta mahali palipokatwa miti miaka kama 8 hadi 20 iliyopita. Mti wa aspeni ukikatwa huchipua upya kutoka mizizini, maelfu kwa maelfu, na hayo machipukizi yaliyosongamana ndiyo nyumba ya grausi. Kwenye picha huonekana kama zulia laini la rangi moja lenye kingo zilizonyooka, tofauti na msitu mkubwa ambao juu yake ni mabonge mabonge. Weka alama pale zulia hilo linapokutana na msitu mkongwe, kinamasi au barabara ya zamani ya magogo. Usiondoke nyumbani ukiwa na alama chini ya sita, maana mbili zitakuwa zimefungwa, moja itakuwa na gari la mtu tayari, na nyingine haitafanana na picha.

Kwa fezanti, shuka kusini magharibi na magharibi mwa Minnesota, kaunti kama Lyon, Yellow Medicine, Lac qui Parle na Kandiyohi, au vuka kwenda Redfield na Aberdeen. Minnesota ina maeneo ya umma ya wanyamapori, WMA, zaidi ya 1,500, na yote yamo kwenye ramani ya bure ya Idara ya Maliasili. Zipo pia ardhi za wakulima zilizofunguliwa kwa wawindaji kwa makubaliano na jimbo, Minnesota na Dakota Kusini vilevile. Usikimbilie eneo kubwa kuliko yote. Tafuta nyasi ndefu, kinamasi chenye matete, na shamba la mahindi au mtama, vyote ndani ya mwendo wa dakika tano kwa miguu.

Kila Agosti idara ya Minnesota huwahesabu fezanti kando ya barabara na kutoa ripoti kabla ya msimu. Isome. Nyasi zikipungua, fezanti hupungua. Mpango wa shirikisho ulioanzishwa mwaka 1985 wa kuwalipa wakulima waache ardhi katika nyasi, CRP, ndio unaoshikilia sehemu kubwa ya ndege hawa. Ninaupenda mpango huo kama mtu anavyoupenda mti uliomkinga na mvua.

Hatua ya 3: Kagua kichaka cha grausi kwa mkono, si kwa macho tu

Ukifika, shika shina la aspeni. Likiwa na unene wa mpini wa jembe hadi kifundo cha mkono wako, uko mahali pazuri. Likiwa jembamba kama fimbo ya kuchungia mbuzi, pori bado ni changa. Likiwa nene kama paja, muda wake umepita, ila kumbuka lilipo, kwa sababu wakati wa theluji grausi hupanda aspeni wakubwa kula vitumba vyao.

Sasa angalia chini. Anakula nini hapa? Majani ya klova kando ya njia za magogo. Matunda meupe ya dogwudi ya kijivu, yale yanayokaa kwenye vikonyo vyekundu. Vichaka vya hezeli. Majani ya stroberi mwitu. Chakula kikiwapo na mashina yamesongamana hadi unalazimika kupita ubavu, ingia. Kimojawapo kikikosekana, usipoteze saa nzima hapo. Rudi garini, nenda alama inayofuata.

Kipimo changu ni hiki: kama unaweza kutembea huku unaongea na simu, umekosea mahali.

Hatua ya 4: Tembea kama mbweha, simama kama mti

Hii ndiyo siri ya asiye na mbwa. Grausi anajiamini kwa rangi yake. Mtu anayepita moja kwa moja atamwacha apite, hata kwa umbali wa mita tatu. Asichoweza kuvumilia ni mtu aliyesimama ghafla. Anadhani ameonekana.

Kwa hiyo: hatua 15 au 20, kisha simama nusu dakika. Kila unaposimama, chagua mahali penye nafasi ya kuinua mtutu, miguu imetulia, macho mbele. Atakurupuka kwa kishindo kama gunia la mahindi lililopasuka juu ya bati. Moyo utaruka. Ni kawaida, wangu bado unaruka.

Fuata kingo. Usipite katikati ya kichaka. Pita pale aspeni wachanga wanapokutana na kinamasi chenye vichaka vya alda au na misonobari. Asubuhi na mapema, na tena jua likielekea kuzama, grausi hutoka kwenye barabara za changarawe kuokota vijiwe vya firigisi, kwa hiyo pita njia za miguu saa hizo. Ni marufuku kupiga ukiwa ndani ya gari.

Akikurupuka ukamkosa, usiondoke. Angalia alikoelekea. Mara nyingi haendi mbali. Subiri dakika kumi, kisha mfuate ukizunguka upande.

Hatua ya 5: Mpasue kifuko cha shingoni

Ukipata grausi wa kwanza wa siku, usimtie mfukoni na kuendelea. Kaa juu ya gogo. Papasa chini ya shingo, juu kidogo ya kidari. Utahisi kifuko kilichojaa kama soksi iliyotiwa njugu. Kikate taratibu kwa ncha ya kisu na umimine kilichomo kiganjani.

Oktoba moja nilimimina vipande vya klova vya kijani, bado vibichi, vimekatwa safi kama kwa mkasi, na kati yake matunda matatu meupe ya dogwudi yakiwa mazima. Hapo nilipokuwa hapakuwa na klova hata jani moja. Maana yake ndege alikuwa amekula kwenye njia ya zamani niliyoivuka nusu saa nyuma, akaja kupumzikia huku. Nikarudi kwenye njia ile, nikaifuata kwa kingo zake, na kabla ya saa sita mchana nikawa nimekurupusha wengine wanne.

Fanya hivyo kila siku, kwa fezanti pia. Hakuna mtu atakayekuambia ukweli zaidi kuhusu siku hiyo kuliko kifuko hicho.

Hatua ya 6: Isome siku ya fezanti

Fezanti ana ratiba. Usiku analala katika nyasi. Jua likichomoza anatoka kwenda kula shambani. Akishiba anarudi kwenye nyasi zilizo karibu kupumzika. Alasiri anakula tena, na kabla ya giza anarudi kulala.

Kwa kuwa saa za kupiga huanza asubuhi ikiwa imeshakolea, mara nyingi ndege ameshakula. Anza na kingo za nyasi zinazopakana na shamba lililovunwa, mitaro yenye magugu, na safu za miti ya kukinga upepo. Mchana ingia ndani zaidi. Saa ya mwisho kabla ya jua kuzama, simama kwenye nyasi nzuri za kulalia, wanarudi wenyewe. Saa hiyo moja mara nyingine inazidi saa tano zilizotangulia.

Baridi ikikaza na theluji ikalaza nyasi, sahau yote hayo. Nenda kwenye matete. Ardhi ya kinamasi ikishaganda na kubeba uzito wa mtu, majogoo wote wa eneo wamo humo. Pima barafu kabla. Juu ya maji marefu usipite.

Hatua ya 7: Piga hodi

Minnesota huruhusiwi kuingia shamba la mtu bila ruhusa, hata kama hakuna kibao. Wengi wetu tunaona haya kugonga mlango wa mkulima tusiyemjua. Nakuomba ushinde haya hiyo. Nenda mchana, wiki kadhaa kabla ya msimu, bila bunduki na bila nguo za mawindo. Sema jina lako, unakoishi, mko wangapi, na kwamba akikataa hutakasirika. Uliza gari uliegeshe wapi na upande gani una ng'ombe. Akikubali, mpelekee ndege waliosafishwa, na mwisho wa mwaka mrudie kumshukuru. Mzee mmoja aliyenikubalia hivyo alinipa kipande cha matete ambacho nimekiwinda miaka sita, na mke wake anaipenda sambusa ya fezanti kuliko mimi.

Hatua ya 8: Ingia kimya, malizia mpaka mwisho

Usibamize mlango wa gari. Usiite. Usimpigie mbwa filimbi. Fezanti wa Novemba ameshasikia milango mingi, na akiusikia wako atatokea upande wa pili wa shamba wakati wewe unafunga kamba za buti.

Tembea ukielekea upepo unakotoka, ili mbwa anuse na sauti yako ibaki nyuma. Nenda kwa mshazari, kulia na kushoto, na usimame mara kwa mara kama kwa grausi. Jogoo anapenda kukimbia kuliko kuruka. Ukienda mstari mnyoofu atakutangulia kwa miguu hadi mwisho. Kwa hiyo mpeleke mahali ambapo kichaka kinakwisha: kona, barabara, maji, ardhi iliyolimwa. Hapo atalazimika kuruka. Makosa makubwa ya wageni ni kuacha mita 20 za mwisho kwa kuona hakuna kitu. Hizo mita 20 ndizo zenye ndege.

Hatua ya 9: Kupiga, na kutopiga

Hakikisha ni jogoo kabla kidole hakijagusa kifyatulio. Pete nyeupe shingoni, mkia mrefu, mara nyingi na kelele anapopaa. Jua likiwa machoni pako wote huonekana weusi. Ukiwa na shaka, muache.

Usipige ndege ambaye huoni mbingu chini yake. Ndege wa chini ana mbwa au mtu nyuma yake. Mkiwa wengi, tembeeni katika mstari mmoja, kila mmoja ajue upande wake, na mtu akisimamishwa mwisho wa shamba kuziba njia, wote wajue amesimama wapi. Ukivuka uzio au mtaro, toa risasi zote kwanza. Kaa mbali na nyumba na mazizi. Minnesota umbali ni futi 500, Dakota Kusini futi 660.

Msimu wa kulungu kwa bunduki huanguka mapema Novemba. Siku hizo mimi huwa siingii misitu ya kaskazini kabisa.

Hatua ya 10: Mpate aliyeanguka

Usiondoe macho pale alipoangukia. Usimtazame ndege wa pili, usiongeze risasi. Chagua alama, jani refu au kijiti kilichovunjika, na uende moja kwa moja. Ukifika na humwoni, tundika kofia yako hapo na uzunguke kwa duara zinazopanuka. Jogoo aliyevunjika bawa hukimbia sana, kwa hiyo tazama mashimo, mafungu ya nyasi na njia za panya. Nusu saa ya kutafuta ni deni lako kwa ndege huyo.

Hatua ya 11: Kumsafisha

Mpasue tumbo mapema ili nyama ipoe. Grausi akiwa bado mbichi ana njia rahisi: mlaze chali, kanyaga mabawa karibu kabisa na mwili, shika miguu, vuta juu polepole kwa nguvu moja. Kidari kitabaki chini pamoja na mabawa, safi. Fezanti unapomsafirisha acha mguu, kichwa chenye manyoya au bawa, ili askari wa wanyamapori athibitishe ni jogoo. Miguu ya fezanti ina kano ngumu, kwa hiyo ichemshe taratibu kwa tui la nazi. Kidari kikaange kwa muda mfupi tu. Mkitafuna, angalieni marisau.

Kwa Waislamu wenzangu: wengi tunasema Bismillahi wakati wa kufyatua, na tukimkuta bado hai tunamchinja. Wanazuoni wana maelezo yao kuhusu silaha na masharti yake, basi muulize shehe unayemwamini kabla ya msimu.

Ukikwama

*Nimetembea kutwa, sijakurupusha hata mmoja.* Rudi Hatua ya 3. Karibu kila mara mashina ni makubwa mno au hakuna chakula. Jua pia kwamba grausi hupanda na kushuka kwa mzunguko wa takriban miaka kumi. Mwaka mbaya unahitaji miguu mingi zaidi.

*Nasikia mbawa, simwoni.* Majani bado yako juu. Subiri wiki mbili, au winda kwenye njia za magogo tu. Mkiwa wawili, mmoja apite kwenye njia na mwingine ndani ya kichaka, mkiongea muda wote ili kila mtu ajue mwenzake alipo.

*Fezanti wanaruka mbali, mita 80 mbele yangu.* Una kelele, au upepo uko mgongoni mwako. Egesha mbali zaidi, ingia upande ambao wengine hawaingii, hasa ule usio na maegesho. Siku ya upepo mkali sana au ya theluji mpya laini watakusubiri karibu zaidi.

*Mbwa wangu anawakurupusha nje ya masafa.* Anatakiwa asivuke mita 25 kama ni mbwa wa kukurupusha. Mrudishe kwenye mazoezi ya kamba ndefu nyumbani. Porini utamfokea tu, na ndege watakusikia.

*Nakosa kila risasi.* Kwa grausi, unachelewa kwa kungoja nafasi iliyo wazi; mtutu uende pamoja na ndege na ufyatue bega likigusa kitako. Kwa fezanti, ule mkia mrefu unakudanganya. Unaupiga mkia. Tazama pete nyeupe ya shingoni, usitazame kitu kingine chochote.

*Eneo la umma limejaa watu.* Njoo Jumanne. Au njoo Desemba, theluji ya magotini, wakati magari yote yameisha na matete yamejaa majogoo waliozoea kusikia milango ikibamizwa upande mmoja. Ingia upande mwingine.